Kuchagua na Kutumia Mashine ya Kuchanjia Kuni Nyumbani: Mwongozo kwa Wakazi wa Mombasa

Mashine ya kuchanjia kuni huchaguliwa kwa kuyatazama magogo kwanza na bei baadaye. Wengi huanza upande wa pili: huiona mashine dukani au kwenye simu, huvutiwa na idadi ya tani za nguvu iliyoandikwa ubavuni, hulipa, kisha wakifika nyumbani wanagundua kwamba magogo yao ya mwarobaini ni manene kuliko nafasi ya mashine, au kwamba umeme wa uani hautoshi kuzungusha mota. Mwongozo huu ni wa kaya za Mombasa na vitongoji vyake ambazo bado zinapika kwa kuni, ama kila siku, ama panapokuwa na harusi, hitima au maulidi na masufuria makubwa ya pilau yanapotolewa nje. Ni wa wapishi wa shughuli pia, ambao kuni kwao ni mtaji kama ulivyo mchele.

Niseme mapema kwamba si kila nyumba inayohitaji mashine yenye mota. Nyumba inayotumia mzigo mmoja wa kuni kwa wiki itatoshelezwa na shoka zuri la kilo 2.5 au 3, kabari mbili za chuma na nyundo nzito. Mashine huanza kuwa na maana pale kazi inapokuwa nyingi kiasi cha kumharibu mtu mgongo na mabega, pale mchanjaji anapokuwa mtu wa makamo asiyeweza tena kuinua shoka mara mia, au pale kuni zinapokuwa sehemu ya biashara. Hata hapo, nyumba tatu au nne za mtaa mmoja zinaweza kuchangia mashine moja, kwa sababu kuni zinazochanjwa asubuhi moja hutumika kwa wiki nyingi na siku nyingine zote mashine hukaa bila kazi. Sharti la ushirika huo ni kwamba awepo mtu mmoja anayeijua mashine, anayeitunza, na ambaye bila yeye haiwashwi.

Magogo uliyo nayo

Kuna mambo manne ya kujua kuhusu kuni zako: ni za mti gani, zina unene gani, zina urefu gani, na ni mbichi au zimekauka.

Mti unaotufikia kwa wingi ni mvinje. Ni miongoni mwa miti michache iliyostahimili machimbo ya chokaa ya Bamburi yalipoanza kupandwa miti mwaka 1971, na wakulima wengi wa Kilifi na Kwale huupanda kwa ajili ya nguzo za ujenzi. Vipande visivyofaa kwa ujenzi huuzwa kama kuni. Mvinje ni mzito na unausumbua msumeno, lakini hupasuka vizuri kufuata nyuzi zake, hasa ukiwa bado mbichi, na moto wake ni mkali na wa kudumu. Mtu ambaye kuni zake zote ni mvinje wa unene wa sentimita 15 au 20 hana sababu ya kununua mashine kubwa.

Mwarobaini ni habari nyingine. Nyuzi zake zimepishana na kushikana, na karibu na mapanda hukataa kabisa kufuata mstari mmoja: shoka huzama, mti hauachani. Mwembe mzee una tabia hiyohiyo, tena shina lake huwa nene sana. Mkwaju ndio mgumu kupita yote ambayo mtu wa Mombasa anaweza kukutana nayo uani mwake, na kiini chake cheusi kikishakauka hurudisha shoka kama jiwe. Mkorosho ni laini na huchanjika bila taabu, ila moto wake hauna nguvu ya mvinje. Utomvu wa mwembe na wa mkorosho unaweza kuwasha ngozi ya baadhi ya watu, kwa hiyo magogo mabichi ya miti hiyo yashikwe kwa glavu.

Mnazi usiununulie mashine. Shina lake halina pete kama miti mingine. Ni matita ya nyuzi ndefu, magumu upande wa nje na laini ndani, na kabari ikiingia humo nyuzi huikumbatia badala ya kuachana. Anayetaka kupikia mnazi atafaidika zaidi na vifuu na makumbi, na shina alikate vipande vifupi vya kuchomwa vikiwa vizima.

Kuhusu mkoko, misitu ya mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa misitu ya serikali mwaka 1932 na leo inasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, yaani KFS. Kuni za mkoko ni nzuri, hilo halina ubishi, lakini anayeziuza bila kibali anatuuzia mazalia ya samaki wa hori ya Tudor na Mtwapa. Usizinunue. Vilevile usiweke kwenye mashine wala jikoni mbao za majahazi zilizopakwa rangi, mbao zenye misumari, au mataruma ya zamani ya reli yaliyolowekwa dawa ya kriosoti. Misumari hurusha vipande vya chuma kabari inapoigonga, na moshi wa rangi na dawa haufai kukaribia chakula.

Urefu ndio jambo linalosahaulika zaidi. Mashine nyingi ndogo za umeme hupokea gogo lisilozidi sentimita 52. Jiko la kuni la nyumbani linatosheka na kipande cha sentimita 30 hadi 40, kwa hiyo hapo hakuna tatizo. Ila wapishi wa shughuli wamezoea vipande virefu vya kusogeza kidogokidogo chini ya sufuria, na hivyo haviingii kwenye mashine ndogo. Mpishi wa namna hiyo ama abadili urefu wa kuni zake, ama atafute mashine yenye nafasi ndefu, ama aache matawi membamba yalivyo na achanje mashina manene tu. Njia hii ya mwisho ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu tawi la unene wa kifundo cha mkono halina haja ya kupasuliwa.

Miti karibu yote niliyoitaja huchanjika kwa urahisi zaidi ikiwa mbichi. Anayengoja hadi mkwaju ukauke ndipo auchanje atahitaji mashine kubwa maradufu kwa kazi ileile.

Aina za mashine

Ya kwanza ni ile isiyo na mota kabisa: pampu ya haidroliki, yaani ya kusukuma kwa shinikizo la mafuta, inayoendeshwa kwa mikono au mguu. Ina mikono miwili ya kusukuma kwa zamu, mmoja ukisogeza haraka bamba, yaani sahani ya chuma inayosukuma gogo kwenye kabari, na mwingine ukilisukuma polepole kwa nguvu. Haina kelele, haihitaji umeme, na hufaa kwa nyumba yenye mzigo wa wastani. Ubaya wake ni kwamba gogo moja gumu huhitaji misukumo mingi, na mtu huchoka, ingawa haumii kama anavyoumia kwa shoka.

Kwa vibanzi vya kuwashia moto kuna chombo rahisi zaidi: pete ya chuma yenye kabari iliyosimama katikati, ncha yake ikitazama juu. Kigogo huwekwa juu ya ncha kisha hupigwa kwa nyundo, na mkono haukaribii ukali wowote. Chombo cha namna hii kilibuniwa na msichana wa shule wa New Zealand, Ayla Hutchinson, baada ya mama yake kujikata kidole akichanja vijiti. Fundi wa kuchomelea chuma anaweza kukutengenezea chake, lakini umwambie mapema kwamba kabari iliyotengenezwa kwa springi ya lori isichomelewe kwa haraka na kuachwa ipoe ghafla, maana chuma cha springi ni kigumu na kiungo chake hupasuka. Kwa nyumba nyingi za mjini, ambazo hununua kuni zikiwa zimechanjwa nusu, chombo hiki peke yake kinatosha.

Ya pili ni mashine ya haidroliki ya umeme. Mota huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta ndani ya silinda, na pistoni husukuma gogo dhidi ya kabari. Za kulala huwa na nguvu ya tani 5 hadi 7 na hufaa magogo ya unene wa hadi sentimita 25. Za kusimama huwa na nguvu zaidi na zinafaa magogo mazito, kwa kuwa gogo huviringishwa hadi kwenye meza ya chini badala ya kuinuliwa.

Ya tatu ni ya haidroliki ya petroli, yenye magurudumu, inayokwenda mahali ambapo umeme haufiki. Hii ndiyo mashine ya mwenye shamba lenye miembe na mikwaju, au ya mtu anayechanjia watu kwa malipo.

Zipo pia mashine za gurudumu zito, ambazo huhifadhi nguvu katika mzunguko wa gurudumu kisha huliachilia bamba kwa pigo moja la haraka. Kwa mvinje ulionyooka zina kasi ya ajabu. Kwa mwarobaini wenye mafundo hukwama na kusimama. Na zipo za parafujo, yaani koni ya chuma yenye nyuzi kama za skrubu inayozunguka mfululizo na kujichimbia ndani ya gogo. Hizi sizipendekezi kwa nyumba yoyote. Kitu kinachozunguka bila kinga karibu na leso, kikoi au mtandio ni hatari ambayo haina fidia, na gogo lisiloshikiliwa vizuri huzungushwa pamoja na koni na kumpiga aliyesimama karibu.

Hesabu ya tani

Idadi ya tani kwenye kibandiko si ushahidi. Nguvu ya mashine ya haidroliki hutokana na vitu viwili tu: shinikizo la mafuta na eneo la pistoni. Mnunuzi anaweza kupiga hesabu mwenyewe hapohapo dukani.

Chukua kipenyo cha ndani cha silinda kwa sentimita, kigawe kwa mbili, kizidishe jibu kwa jibu lenyewe, kisha uzidishe kwa 3.14. Hilo ndilo eneo la pistoni. Lizidishe kwa shinikizo la juu la pampu, lililoandikwa kwenye karatasi ya mashine. Mashine nyingi za petroli hufanya kazi kwenye kilo 210 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 10 ina eneo la sentimita za mraba 78.5, ukizidisha kwa 210 unapata kilo 16,485, yaani tani 16 na nusu. Muuzaji akikuambia kwamba mashine yenye silinda hiyo na shinikizo hilo ina tani 25, hesabu haikubaliani naye. Kwa mashine ndogo ya umeme inayodaiwa kuwa na tani 5 kwa shinikizo la kilo 200, silinda inapaswa kuwa na kipenyo cha ndani cha sentimita 5.6 au zaidi. Kumbuka kwamba ukipima kwa nje unapima na unene wa chuma, kwa hiyo kilicho ndani ni kidogo kuliko unachokiona.

Jambo la pili ni kwamba nguvu na kasi huvutana. Silinda hiyo ya sentimita 10 ikisafiri sentimita 40 inameza lita 3 na kidogo za mafuta. Pampu inayotoa lita 10 kwa dakika itachukua karibu sekunde 19 kuisukuma hadi mwisho. Ndiyo maana mashine bora huwa na pampu ya hatua mbili, inayosogeza bamba haraka wakati hakuna upinzani na kupunguza kasi yenyewe inapokutana na ugumu. Uliza kama pampu ni ya namna hiyo, na uliza muda wa kwenda na kurudi, si muda wa kwenda peke yake.

Kwa maoni yangu, tani 5 hadi 7 zinatosha kwa mvinje na mkorosho, na kwa mwarobaini mwembamba uliokatwa karibuni. Mwarobaini mnene na mwembe wa wastani unataka tani 10 au zaidi. Mkwaju mkubwa na mapanda ya miti mizee usiyapeleke kwa mashine iliyo chini ya tani 16 za hesabu ya kweli.

Umeme wa nyumbani

Umeme wetu ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na soketi ya kawaida ya nyumbani hubeba ampia 13. Mota ya wati 2,200 hutumia ampia 9 hivi inapofanya kazi, kwa hiyo soketi inatosha. Ila wakati wa kuwaka mota huvuta mara kadhaa zaidi ya hapo kwa muda mfupi, na huo ndio muda ambao waya mwembamba wa nyumba ya zamani huonyesha udhaifu wake. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani kwa kawaida ni ya volti 120 na mizunguko 60, na haifai kuchomekwa hapa.

Gharama ya tokeni isikutishe: mota hiyo ikifanya kazi kwa nguvu yake yote saa nzima itakula yuniti 2.2, na kwa kawaida hula pungufu kwa sababu kati ya gogo na gogo hupumzika. Kinachoua mota ni volti kushuka. Umeme ukiwa dhaifu jioni, mota hunguruma bila kuzunguka vizuri na nyaya zake hupata joto hadi kuungua. Ukisikia mngurumo huo, zima mara moja na ungoje umeme utulie, au chanja asubuhi.

Kebo ya kurefushia iwe na nyuzi za shaba za milimita 2.5 za mraba, iwe fupi iwezekanavyo, na ifunguliwe yote kutoka kwenye kibiringo chake, kwa kuwa kebo iliyoviringwa hupata moto. Fundi wa umeme akuwekee swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Uani kwetu kuna maji ya kufulia na ardhi yenye unyevu, na swichi hiyo ni ya kuokoa maisha.

Siku ya kununua

Usinunue mashine ambayo hujaiona ikipasua gogo, na nenda na gogo lako mwenyewe, lile lenye fundo. Tazama kama mashine inadai mikono miwili ili ifanye kazi, mmoja kwenye swichi na mwingine kwenye wenzo, na kama bamba linasimama mara tu mkono mmoja unapoachia. Kiwango cha Ulaya cha EN 609-1 kinashughulikia usalama wa mashine za kabari za aina hii. Kikitajwa kwenye kibao cha mashine, hiyo ni dalili nzuri, lakini jaribio la mikono miwili ulifanye hata kibao kikisema nini. Mashine ya mitumba ambayo wenzo wake umefungwa kwa waya ili mtu afanye kazi kwa mkono mmoja iache palepale, hata ikiwa bei yake ni ya kutupa.

Pitisha macho kwenye fito ya pistoni. Iwe inang'aa bila mikwaruzo wala madoa ya kutu, kwa sababu kila mkwaruzo hukata mpira wa kuzuia mafuta. Kisha uliza mipira hiyo hupatikana wapi. Mombasa tuna bahati katika hili: mafundi wa haidroliki wanaohudumia malori na foklifti za bandarini wanaweza kutengeneza mipira na mabomba ya vipimo vingi, mradi vipimo vya silinda vijulikane. Mashine yenye silinda ya vipimo vya kawaida itatengenezeka hapa miaka mingi baada ya muuzaji kufunga duka.

Kuchanja

Mahali pa kazi pawe tambarare na pagumu. Mchanga wa Kisauni au Likoni huzamisha miguu ya mashine upande mmoja, kwa hiyo tandika mawe bapa au zege kwanza. Mashine ya petroli iwashwe mahali penye hewa wazi pande zote. Kamwe usiiwashe ndani ya banda wala kwenye ukumbi uliozungukwa na kuta, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua.

Vaa viatu vilivyofunika vidole, si ndala, na suruali au nguo iliyobana. Leso, kanzu na mtandio vifungwe au viwekwe kando. Miwani ya kinga ni lazima, kwani vibanzi vya mvinje mkavu huruka kwa kasi. Glavu ziwe za ngozi na ziubane mkono. Watoto hupenda sana kuitazama mashine hii. Wawekwe hatua kumi mbali, na awepo mtu mzima wa kuwaangalia ambaye si mchanjaji.

Kanuni iliyo juu ya zote ni hii: anayeweka gogo ndiye anayeendesha mashine, na ni mtu mmoja tu. Mmoja akishika gogo na mwingine akishika wenzo, siku moja wenzo utavutwa kabla mkono haujatoka. Msaidizi alete magogo na aondoe kuni zilizochanjwa, lakini asivuke mstari wa mashine bamba likiwa linatembea.

Kabla ya kuwasha mashine ndogo ya umeme, tafuta skrubu ya kupumulia kwenye tangi la mafuta na uilegeze mizunguko michache hadi hewa iweze kuingia na kutoka. Wengi hawaijui skrubu hii, na mashine nyingi hufa kwa sababu yake: ikiwa imefungwa, hewa hubanwa ndani na kutoboa mipira. Ukimaliza kazi, ikaze tena kabla ya kuisogeza mashine, la sivyo mafuta yatamwagika. Iache mota izunguke bila gogo kwa dakika moja au mbili, na ulitembeze bamba mara kadhaa.

Gogo liwe limekatwa sawa pande zote mbili. Lililokatwa mshazari huteleza na kuruka likibanwa. Lilaze kufuata nyuzi zake, kwa kuwa kulipasua kwa kukata nyuzi ni kuiomba mashine ikurushie gogo usoni. Gogo nene usilianze katikati. Limenye pembeni, kipande baada ya kipande, hadi kibaki kiini. Ufa uliopo tayari kwenye kichwa cha gogo ukae mbele ya kabari, maana mti umeshakuonyesha njia. Panda liwekwe kiasi kwamba kabari inaanzia upande wa shina na kupita katikati ya matawi yote mawili. Fundo kubwa likwepwe, na likishindikana likatwe kwa msumeno.

Gogo lisipoachana ndani ya sekunde tano za msukumo kamili, achia. Kuendelea kusukuma hakuliongezei gogo ulegevu. Kunachemsha mafuta na kuitesa mota. Ligeuze robo ya mzunguko ujaribu upya, na likikataa mara ya pili liweke kando. Magogo hayo yaliyokataa hayapotei: hutumika mazima kwenye moto mkubwa wa shughuli.

Likinasa kwenye kabari, usilipige kwa nyundo wala kulivuta kwa mikono huku mashine inafanya kazi. Rudisha bamba, chomeka kipande cha mti chenye umbo la kabari chini ya gogo, kisha sukuma bamba polepole ili kipande hicho kilinyanyue gogo hadi litoke. Kazi hii ifanywe na mtu mmoja pia.

Usitafute mvujo wa mafuta kwa kidole. Tundu dogo kama ncha ya sindano hutoa mafuta kwa shinikizo linalopenya ngozi, na jeraha lake huonekana dogo ilhali ndani nyama inaoza. Pitisha kipande cha boksi karibu na bomba, kikilowa, umeupata. Mtu akipenywa na mafuta, apelekwe saa hiyohiyo kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji, hata kama hasikii maumivu.

Chumvi, mafuta na hifadhi

Hewa ya bahari huila mashine isiyofunikwa. Baada ya kila kazi, futa utomvu kwenye kabari na reli, paka grisi nyembamba mahali bamba linapotelezea, na rudisha fito ya pistoni ndani kabisa ya silinda ili isipigwe na chumvi. Ifunike kwa turubai linalopitisha hewa kidogo. Turubai lililobana hufungia unyevu na kutu huanza ndani.

Kwa joto letu, mafuta ya haidroliki ya daraja la 46 yanafaa mashine nyingi, kwa sharti kwamba kitabu cha mashine kinayaruhusu. Pima kiwango chake bamba likiwa limerudi nyuma kabisa. Mafuta yakigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, na yabadilishwe kabla ya kuwasha tena.

Kukausha

Kuni mbichi zilizochanjwa vizuri bado ni kuni mbichi, na moshi wake utaharibu pilau na macho ya mpishi. Upepo wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, ndio mkaushaji wetu bora: hauna mvua nyingi na huvuma kwa utulivu. Anayechanja vuli inapoisha, akapanga kuni zake upepo upite katikati, atakuwa na kuni kavu masika ikifika. Anayechanja Aprili atapambana na mvua na ukungu.

Panga kuni juu ya matofali au mawe, shubiri moja kutoka ardhini, zikiwa mbali na ukuta wa nyumba ili mchwa wasipate daraja. Funika juu peke yake kwa makuti au mabati, pande ziwe wazi. Kuni ikikauka, ganda huachia, vichwa hupata nyufa, na vipande viwili vikigonganishwa hutoa mlio mkali badala ya kishindo kizito. Mwenye kipima unyevu apasue kipande apime upande wa ndani uliotoka kupasuliwa, na asome chini ya asilimia 20. Unapochukua kuni kwenye lundo, anzia juu na uvae glavu, kwa sababu nge na tandu hupenda kukaa humo, na kuni za mwaka uliopita zitumike kabla ya hizi mpya.